Ndege mbili, usiku mmoja: Ulale kwa shangazi au gesti?

ULISHAWAHI kuambiwa na shangazi yako kwamba umemdharau kwa sababu ya kitanda? Mimi nimeambiwa. Tena nimeambiwa saa 7 usiku, mvua inapiga bati, umeme umekatika, tumesimama kwenye kibaraza cha gesti moja pale Karakata, na shangazi mwenyewe kaikumbatia hotipoti ya wali kama mtoto mchanga.

Mpenzi msomaji, watoto wa kanda ya Ziwa siku hizi tunapanda ndege. Si kwamba tumetajirika, la hasha. Ni kwamba mtu akipata mchongo wa nje, tiketi ya nje analipiwa, halafu ya kumfikisha Dar anajitafutia mwenyewe. Kati ya tiketi hizo mbili unabaki usiku mmoja ambao hauna mwenyewe. Hakuna anayeupangia bajeti. Watu wanaulizana kilo za mzigo, wanaulizana joto la huko aendako, lakini ukimuuliza msafiri Dar atalala wapi, anakutazama kama umechanganyikiwa. "Si kuna ndugu?"

Hiyo "si kuna ndugu" nusura ituponze.

Mimi ni mtoto wa Mwadui. Kwetu ndege si kitu cha kushangaza. Yule Mkanada, Dk. John Williamson, alipogundua almasi mwaka 1940, mgodi ulikua mpaka ukawa na uwanja wake wa ndege, na kwenye orodha ya viwanja vya dunia Mwadui ina herufi zake tatu, MWN, kama Mwanza ilivyo MWZ. Tatizo uwanja ule ni wa mgodi. Sisi wengine tunasimama Maganzo barabarani na mabegi yetu, tunapanda basi kwenda kuitafuta ndege Mwanza. Tuyaache hayo, si leo.

Ilikuwa Novemba 2023. Dada yangu, ambaye alikuwa anauza chakula kwa mama ntilie mmoja hapo Maganzo, alipata kazi ya nyumbani Muscat, mkataba wa miaka miwili. Ndege yake ya Dar kwenda Muscat iliandikwa kuondoka saa 11 na dakika 20 alfajiri. Sisi tukamnunulia ya Mwanza mpaka Dar ya siku moja kabla, itue saa 12 jioni. Mimi nikateuliwa kumsindikiza, kwa sababu ndiye niliyewahi kufika Dar mara mbili na nikarudi na simu yangu.

Kikao kikakaa kwa baba mdogo. Ajenda ilikuwa moja: huo usiku mmoja.

Bi mkubwa wetu alisema twende kwa shangazi, Mbezi Makabe. Shangazi ni dada wa marehemu baba, na kupita Dar bila kulala kwake ni kesi ambayo itasikilizwa kwenye kila msiba kwa miaka kumi. Baba mdogo akaunga mkono. Kulala kwa shangazi ni bure, chakula bure, na baraka juu.

Halafu kulikuwa na wakala. Yeye alipiga simu akasema ana nyumba Buguruni, mabinti wengine watano wanaosafiri siku hiyo hiyo watalala pale, bure vilevile, na gari litawapeleka wote uwanjani. Ila dada alete pasipoti na mkataba mapema, ili azipange za wote pamoja.

Nikubali ukweli, kwa ramani tu wakala alikuwa na hoja. Buguruni na uwanja wa Julius Nyerere ni pua na mdomo. Makabe iko kule ndani ya Mbezi, unatoka uwanjani unaifuata Barabara ya Nyerere mpaka TAZARA, unakata Mandela mpaka Ubungo, unapanda na Barabara ya Morogoro mpaka Mbezi Mwisho, halafu ndiyo unaanza vumbi. Au tope, inategemea mwezi.

Lakini bi mkubwa alishika neno moja tu, pasipoti. Alikuwa amesikia redioni. Na si uzushi wa redio: mwaka 2017 Human Rights Watch walitoa ripoti juu ya Watanzania waliokwenda kufanya kazi za ndani Oman na Falme za Kiarabu, na kunyang'anywa pasipoti kulikuwemo kwenye malalamiko yao. Mama akasema ikiwa huko mbele watamnyang'anya hatujui, ila hapa kwetu hatuanzi sisi kumpa mtu. Akakaa na sindano usiku kucha, akamshonea dada kikoba cha kitambaa cha kuvaa shingoni. Pasipoti ndani, mkataba umekunjwa ndani, na shilingi elfu 50 ndani.

Kikao kikafungwa. Tunalala Makabe.

Ndege inapokuwa na mipango yake

Basi bwana, tumefika uwanja wa Mwanza saa 8 mchana, tumeoga, tumepaka mafuta, begi la dada limejaa michembe kilo tatu kama vile Oman hakuna chakula. Tukakaa. Saa 10 ikapita. Kipaza sauti kikatuomba radhi. Saa 11 na nusu kikatuomba radhi tena. Ndege ya kututoa Mwanza ilikuwa bado haijatoka huko ilikokuwa.

Hapo ndipo nilipata elimu ambayo shuleni hawakunipa. Pembeni yetu alikaa jamaa mmoja fundi mitambo, mtu wa Geita, ambaye kazi za migodi zimempeleka Ghana na Kongo mara kadhaa. Akaniuliza tiketi zetu ni moja au mbili. Nikamwambia mbili. Akaguna ile guno ya daktari.

Akanieleza hivi. Kama safari yote iko kwenye tiketi moja, ndege ya kwanza ikichelewa na ya pili ikakuacha, mzigo ni wa shirika: watakutafutia ndege nyingine, na wewe uende kaunta ukaulize habari za pa kulala na chakula. Kama ni tiketi mbili ulizonunua kila moja kivyake, ile ya pili haikujui. Ikikuacha imekuacha, hata kama ulikuwa angani unaiona. Na begi lako halitapitiliza, utalichukua Dar na kulipimisha upya.

"Kwa hiyo usiku wa katikati," akasema, "si wa kulala. Ni wa kulinda tiketi ya pili."

Nikaona kumbe kuna watu wamesomea mambo haya. Akanipa na mengine, nami nakupa wewe. Nairobi, akasema, Mtanzania haombi viza, kwa hiyo ukikwama usiku pale unaweza kutoka nje ya uwanja na pasipoti yako ukalala popote Embakasi au Barabara ya Mombasa. Usiingie mjini kati kama ndege ni alfajiri. Dubai na Doha ni habari nyingine, huko bila viza hutoki mlangoni, utalala kwenye viti au ulipie hoteli ya humo humo ndani kwa bei ya ng'ombe. Addis Ababa, shirika la Ethiopian limekuwa likiwapa hoteli abiria wa kusubiri kati ya masaa 8 na 24 kama hakuna ndege ya karibu zaidi na tiketi inakidhi masharti yao. Siri ni kuuliza kabla hujalipa, si baada.

Nikamwambia wazee wa zamani walifaidi. Imperial Airways ya Waingereza ilipoanza safari zake za kila wiki kutoka London mpaka Mwanza, Februari 1931, ndege za siku zile hazikuwa za kuruka usiku. Jua likizama abiria anashushwa, anapelekwa hoteli, na gharama imo kwenye tiketi. Kila usiku ulikuwa na mwenyewe. Jamaa akacheka, akasema Waingereza wale hawakuwa na shangazi Makabe.

Tuliruka saa 2 na nusu usiku. Tukatua Dar saa 4.

Hesabu za kwenye mvua

Mvua ya mwaka ule unaikumbuka. Tumetoka na begi letu la michembe Jengo la Pili, tumesimama chini ya paa, maji yanashuka kama mtu kafungua bomba. Simu ina chaji asilimia 18. Nikapiga hesabu hapo hapo, na ndiyo hesabu ninayotaka uikate uiweke kwenye pochi yako.

Kaunta ya Muscat tunatakiwa saa 8 na nusu usiku, Jengo la Tatu. Sasa ni saa 4. Dereva wa teksi wa kwanza kanitajia elfu 45 mpaka Makabe. Wa kwenye simu kakubali elfu 33, halafu alipoona ni Makabe kakata. Barabara ya Nyerere mwaka ule ilikuwa imechimbuliwa kwa ajili ya njia za mwendokasi za kwenda Gongo la Mboto, magari yanapenya kama sindano. Tukiondoka saa 4 na nusu, Makabe tunafika saa 6 na kitu, Mungu akipenda. Saa 7 kasoro tunaanza kurudi. Na huyo dereva wa kuturudisha kutoka kwenye tope la Makabe saa 7 usiku, nani amemwona?

Yaani tunakwenda Makabe kunawa mikono. Na nauli ya kwenda na kurudi si chini ya elfu 80. Kitanda cha bure, elfu 80!

Nikageuka kumtazama dada. Yeye kakishika kikoba chake shingoni, anatetemeka, hasemi. Wakala akapiga tena: gari lake liko jirani, linaweza kumpitia sasa hivi, Buguruni dakika ishirini, kuna chai. Dada akanitazama. Naapa hapo nusura niseme ndiyo. Mvua ikikupiga, kila nyumba yenye chai ni nyumba nzuri.

Nikamuuliza wakala swali moja: "Pasipoti anaweza kubaki nayo mwenyewe?"

Akasema utaratibu ni kwamba anakusanya. Nikamwambia basi tutakutana uwanjani. Akasema tukichelewa shauri yetu, na simu ikakatwa. Asilimia 15.

Kulala palepale uwanjani nako nilikufikiria. Mlinzi wa Jengo la Tatu aliniambia kistaarabu kwamba msafiri ataingia kaunta zake zikikaribia kufunguliwa, msindikizaji haingii kabisa. Maana yake tungekaa nje masaa manne, na dada apande ndege kalowa chapachapa. Hoteli zile za kiyoyozi zenye gari la kumchukua mgeni sikuuliza bei. Ukiona mlangoni kuna kijana kavaa kofia, bei usiulize.

Ikabaki gesti. Tukavuka barabara kwa bajaji, upande wa Kipawa.

Mpenzi msomaji, gesti ya usiku mmoja wa ndege haichaguliwi kama gesti ya sherehe. Ya kwanza ilikuwa na taa za rangi, baa chini, muziki unapasua. Mhudumu akanitazama, akamtazama dada, akauliza bila kuinua kichwa:

"Kulala au kupumzika?"

"Kulala. Vyumba viwili."

Hapo ndiyo akainua kichwa. "Viwili?" Nadhani tangu aanze kazi pale hajawahi kupata wateja wa namna hiyo. Nikamwambia huyu ni dada yangu. Akasema wote husema hivyo, lakini kwa kawaida huchukua kimoja.

Sikugombana. Nikauliza swali ambalo fundi wa Geita alinifundisha: geti linafunguliwa saa ngapi? Akajibu wanafunga saa 6 usiku, askari anafungua saa 11 alfajiri, ni amri ya bosi kwa sababu ya wizi. Saa 11 alfajiri dada yangu anatakiwa awe amefunga mkanda. Tukatoka. Hebu fikiria ungelipa, ukalala, halafu saa 8 usiku unamgongea askari aliyelewa.

Ya pili ilikuwa ndani kidogo, Karakata, haina baa, haina taa za rangi, siku hiyo haina taa kabisa maana ulikuwa msimu wa mgawo wa umeme. Mama mwenye gesti alikuwa mwenyewe mapokezi na kibatari. Vyumba elfu 30, tukapatana elfu 25. Nikakagua kwa tochi ya simu: komeo la mlango linashika, chandarua hakina matundu ya kuingiza paka, maji yamo kwenye ndoo. Geti? Akasema, "Hapa wageni wangu wengi ni wa ndege. Sema saa, nakuamsha mimi." Nikajua tumefika. Dereva wa bajaji nikamwachia elfu 3 ya kishika uchumba arudi saa 8 kamili, na namba yake nikaiandika kwenye karatasi, simu isije ikazima nayo.

Tukajaza daftari la wageni. Jina. Kabila. Utokako, Mwadui. Uendako, Muscat. Mama akasoma, akacheka. "Mnatoka kwenye almasi mnakwenda kufagia kwa Waarabu?" Hakusema kwa ubaya. Dada akatazama chini, akasaini.

Jumla elfu 50. Ukijumlisha na bajaji hatukufika elfu 60. Elfu 20 tumeokoa, na masaa mawili na nusu ya kujinyoosha tumepata.

Kilichobaki ni kumpigia shangazi.

Kesi ya hotipoti

Sitakuficha, niliogopa simu ile kuliko ndege. Nikamweleza: shikamoo shangazi, tumechelewa kutua, mvua, foleni, tumepata pa kulala jirani na uwanja. Kimya. Halafu akaniuliza taratibu, ile taratibu ya hatari, kama nyumba yake inanuka.

Nikasema hapana shangazi.

Akauliza kama mtoto wa kaka yake anavuka bahari bila kuonja chakula chake. Kabla sijajibu, chaji ikaisha.

Dada akalala na viatu. Mimi nikakaa mlangoni kwangu nasikiliza mvua. Saa 7 kasoro nikasikia bajaji. Sikuamini. Shangazi kashuka, kajifunga khanga kichwani, hotipoti kifuani, jirani yake wa Makabe ndiye dereva, wote wawili wametapakaa tope mpaka magotini. Akaanza hapo hapo kibarazani: nimemdharau, nimelipia kitanda wakati yeye ameshatandika, mtoto wa Mwadui amekuwa mzungu lini. Nilipokea maneno yote kwa mikono miwili pamoja na hotipoti.

Alipomaliza akauliza saa ngapi. Nikamwambia saa 7 na dakika kumi. Akasema alitoka nyumbani kwake mara tu simu ilipokatika. Halafu akanyamaza. Mimi pia nikanyamaza. Hesabu ilikuwa imekaa katikati yetu kama mtu wa tatu, na hakuna aliyeigusa. Akasema, "Haya, mwamshe ale."

Tukala wali na kuku saa 7 na nusu usiku kwenye mwanga wa kibatari, watu watano, pamoja na jirani wa Makabe na mama mwenye gesti. Shangazi alimlisha dada kwa mkono wake kama mtoto. Saa 8 kamili bajaji yetu ikapiga honi.

Kwenye mlango wa Jengo la Tatu tuliagana mapema. Dada alikuwa wa kumi hivi kwenye foleni. Alipoulizwa pasipoti akaitoa kifuani, akaingia, akageuka mara moja. Sitaki kuyaelezea sana hayo.

Tulikuwa tunajiandaa kuondoka lilipofika gari la wakala, saa 9 kasoro. Mabinti watano wakashuka, usingizi machoni. Dereva akafungua bahasha ya kaki, akaanza kuita majina na kugawa pasipoti. Moja, mbili, tatu, nne. Akakung'uta bahasha. Akaitazama ndani. Akaikung'uta tena.

Ya tano haikuwemo. Binti wa tano alikuwa mtu wa Kahama, nadhani hajafika miaka ishirini na mitatu. Simu zikapigwa, ikasemekana ipo mezani Buguruni, bodaboda inaileta. Saa 9 na nusu. Saa 10. Wenzake wameshaingia. Binti kasimama na begi lake, kila pikipiki ikikata kona anainua shingo. Shangazi, ambaye muda wote alikuwa ananihimiza twende, akaacha kunihimiza. Akaenda akasimama naye.

Bodaboda ilifika saa 10 na nusu. Alikimbia nayo mpaka ndani, na baada ya robo saa akatoka nayo. Kaunta ilikuwa imefungwa. Dereva wa wakala akasema yeye ni dereva tu, mambo ya tiketi aongee na ofisi, akapanda gari.

Sikusikia mtu amemtukana mtu. Sikuona mwizi pale, nisije nikamsingizia yeyote. Niliona bahasha tu, na mtu aliyekuwa amelala kwenye kitanda cha bure.

Shangazi akamuuliza, "Mwanangu, una ndugu hapa Dar?"

Akasema hana.

Vyumba vyetu vilikuwa vimelipiwa mpaka saa 4 asubuhi. Tukarudi Karakata wote watatu. Mama mwenye gesti akafungua geti, akamwona binti mgeni na begi, akamtazama shangazi, hakuuliza kulala wala kupumzika. Akaleta ndoo ya maji ya moto. Binti akalala kwenye kitanda cha dada, shangazi kando yake, mimi chumba cha pili nikaweka simu kwenye chaji maana umeme nao ulikuwa umerudi.

Saa 5 asubuhi, tukiwa kwenye daladala ya kwenda Mbezi, ikaingia meseji ya dada. Amefika salama, anasubiri mwenyeji wake. Akaandika kwamba kiti cha pembeni yake kilikuja kitupu toka Dar, na kwamba yule mwenye kiti alimwona nje akila wali wetu, je, yukoje?

Nilimwonyesha binti. Akasoma, akanirudishia simu. Shangazi aliyekaa nyuma yetu na hotipoti tupu mapajani akamgusa bega.

"Iko wapi?"

"Hii hapa, shangazi," binti akajibu, akashika kifua.

Alikaa Makabe siku tisa mpaka tiketi yake ilipobadilishwa. Ndege ilikuwa ileile ya saa 11 na dakika 20. Jioni ya mwisho shangazi alimpigia simu mama mwenye gesti mwenyewe, akaweka nafasi ya chumba kimoja, vitanda viwili, na akauliza kama geti bado linafunguliwa usiku.

Kwenye kesi yangu mimi, msamaha bado. Kila nikimpigia ananiuliza kama safari hii nimelala hotelini.